KIMULIMULI KANDO YA TAA KUBWA

1. Usiku katika Ugogo

Nchi ya Ugogo iko katikati ya Tanzania, katika uwanda ulioinuka, na mji wa Dodoma uko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni chache, nayo hunyesha hasa baina ya mwezi wa Desemba na mwezi wa Aprili. Miezi iliyobaki hewa huwa kavu, na mara nyingi usiku hauna mawingu. Kwa hiyo mchungaji alalaye karibu na zizi, au mzee aketiye nje ya tembe lake baada ya chakula cha jioni, huziona nyota nyingi mno zimeenea toka mashariki mpaka magharibi. Wakulima wa zamani walikitazama Kilimia angani, wapate kujua majira ya kulima.

Lakini mtoto akaaye katikati ya mji wa Dodoma haoni nyota nyingi namna hiyo. Mwaka wa 1973 ilikatwa shauri kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na mwaka wa 2018 mji huo ulipewa cheo cha jiji. Nyumba zimeongezeka, na taa zimewekwa barabarani na madukani. Mtoto wa mjini akitazama juu, huona nyota chache tu zilizo kubwa. Je, nyota zimepungua? Hasha! Nyota ni zile zile, ila mwanga ulio karibu umeufunika mwanga ulio mbali.

Jambo hilo, kwamba mwanga mkubwa huuficha mwanga mdogo, huonekana kuwa jepesi. Walakini ndilo lililowasumbua wataalamu wa elimu ya nyota kwa miaka mingi, na mafundi hodari bado wanashindana nalo.

2. Nyota zina sayari zao

Jua letu ni nyota, na kila nyota ni jua lililo mbali sana. Dunia yetu ni sayari. Haina mwanga wake yenyewe, bali hupokea nuru ya jua na kuirudisha, kama ukuta uliopakwa chokaa urudishavyo mwanga wa taa. Pamoja na dunia ziko sayari nyingine saba zilizunguukazo jua hili. Katika hizo ni Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

Tangu kale watu waliuliza: Je, nyota nyingine nazo zina sayari? Jibu la hakika lilichelewa sana. Mwaka wa 1995 Michel Mayor na Didier Queloz, wataalamu wa Uswisi, waligundua sayari ya kwanza inayozunguka nyota iliyo kama jua letu, na mwaka wa 2019 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kufikia mwaka wa 2025 hesabu ya sayari zilizojulikana ilikuwa imepita 6,000.

Ni vema kufahamu kwamba karibu zote hazikuonekana kwa macho ya darubini. Zilijulikana kwa dalili, kama vile mchungaji ajuavyo kwamba chui amepita usiku, ijapokuwa hakumwona, kwa sababu ameona nyayo zake mchangani. Dalili moja ni hii: sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kidogo, kisha hurudi kama ulivyokuwa.

Tanzania nayo ina fungu lake katika habari hii. Mwaka wa 2019 Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota ulitimiza miaka 100, ukazipa nchi nyingi ruhusa ya kutoa majina, kila nchi nyota moja pamoja na sayari yake. Watanzania waliiita nyota yao Mpingo, kwa jina la mti ule mgumu mweusi wa wachongaji, na sayari yake wakaiita Tanzanite, kwa jina la kito cha buluu kichimbwacho Mererani. Sayari hiyo ni kubwa kuliko Mshtarii, nayo huizunguka nyota yake kwa siku tatu hivi. Ilijulikana kwa dalili ile ya mwanga kupungua. Hakuna mtu aliyepata kuiona.

3. Kipimo cha ugumu

Kwa nini ni vigumu kuiona sayari ya nyota nyingine? Watu wengi hudhani kwamba sababu ni umbali tu, au kwamba sayari ina giza mno. Hizo ni sababu, lakini iliyo kubwa ni nyingine: sayari iko karibu mno na nyota yake, na nyota ina mwanga mwingi mno.

Tufanye mfano. Kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam, kwa mstari ulionyoka, ni karibu kilometa 400. Tuseme taa kubwa imewashwa Dar es Salaam, na kando ya taa hiyo, kwa nafasi ya sentimeta 20, yaani kadiri ya shibiri moja, ametua kimulimuli. Mtu aliyesimama Dodoma anatakiwa amwone kimulimuli yule. Hivyo ndivyo ilivyo kuitafuta sayari iliyo kama dunia yetu kando ya nyota iliyo kama jua letu, ikiwa nyota hiyo ni mojawapo ya majirani, ambayo nuru yake hutufikia baada ya miaka 32 hivi. Nyota Mpingo iko mbali zaidi sana; nuru yake hutembea zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kufika kwetu. Katika mfano wetu, kimulimuli wa Mpingo angekuwa ametengana na taa yake kwa unene wa uzi tu.

Tena, kwa nuru ionekanayo kwa macho, jua letu lina mwanga unaoupita mwanga wa dunia mara 10,000,000,000. Mtu akianza kuhesabu moja, mbili, tatu, kila sekunde hesabu moja, bila kulala wala kula, itampasa kuhesabu zaidi ya miaka 300 ili aifikie hesabu hiyo.

4. Jaribio la kidole

Jaribio hili laweza kufanywa shuleni usiku usio na mbalamwezi. Taa ya karabai iwashwe na kutundikwa juu ya mti. Mtu mmoja asimame hatua moja kando ya taa, ameshika kijiti chenye kaa dogo la moto nchani. Wanafunzi wasimame mbali, hatua 30, watazame upande ule. Wengi hawataliona kaa, au wataliona kwa shida. Kisha kila mwanafunzi afumbe jicho moja, anyoshe mkono mbele, na aifunike taa kwa kidole gumba. Mara kaa lile dogo litaonekana likiwaka gizani.

Kaa halikuongezwa moto, wala macho ya mwanafunzi hayakuongezwa nguvu. Lililofanyika ni moja tu: mwanga mkubwa umefunikwa. Hii ndiyo siri yote ya vyombo vitakavyoelezwa hapa chini.

5. Kifuniko cha Bernard Lyot

Zamani watu waliweza kuliona taji la jua, yaani hewa nyembamba yenye moto iliyolizunguka, wakati wa kupatwa kwa jua tu. Mwezi ulipolifunika jua lote, taji lilionekana kwa dakika chache, kisha likatoweka tena. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Bernard Lyot alitengeneza darubini ambayo ndani yake kulikuwa na kifuniko kidogo cha mviringo. Kifuniko hicho kililifunika jua kama mwezi ulifunikavyo. Tangu hapo taji la jua likaweza kutazamwa bila kungoja kupatwa. Chombo hicho kiliitwa koronagrafu, kwa sababu korona maana yake ni taji.

Lakini Lyot aliona kwamba kifuniko peke yake hakitoshi. Mtu akitupa jiwe katika bwawa la Hombolo, mawimbi huenea. Na yakikuta kisiki kilichosimama majini, hayakomi hapo, bali hupinda na kuendelea nyuma ya kisiki. Nuru nayo huenda kwa mawimbi, ijapokuwa ni madogo mno. Ikipita kando ya kifuniko, au kando ya mdomo wa darubini, hupinda kidogo na kuingia mahali ambapo haikutakiwa. Kwa hiyo Lyot aliweka kizuizi cha pili chenye umbo la pete, ili kuikamata nuru iliyopinda. Vifuniko vinavyotumiwa siku hizi kutafuta sayari vimetokana na kazi hiyo.

6. Kwa nini darubini hupelekwa juu ya hewa

Wakati wa adhuhuri katika uwanda wa Ugogo, hewa iliyo juu ya mchanga wa moto hutetemeka, na miti ya mbali huonekana kana kwamba inacheza. Usiku pia hewa haitulii, ndiyo sababu nyota humetameta. Kumetameta huko kwapendeza macho, lakini humharibia kazi mtafuta sayari, maana nuru ya nyota hutawanyika na kuifunika nukta ndogo iliyo kando yake. Tena ziko namna za nuru ambazo hewa huzizuia kabisa. Kwa sababu hizo darubini nyingine hupelekwa juu ya hewa kwa roketi.

Pwani ya Afrika ya Mashariki ilishiriki katika kazi ya namna hiyo zamani. Tarehe 12 Desemba 1970 Wataliani na Wamarekani walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa baharini karibu na Malindi. Ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake, setilaiti iliitwa Uhuru, na jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote.

7. Kioo kijirekebishacho

Darubini kubwa ya James Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021. Kioo chake kina upana wa meta 6.5, kimeunganishwa kwa vipande 18, na kimefanya kazi umbali wa kilometa milioni moja na nusu kutoka duniani. Ndani yake zimo koronagrafu. Lakini hata kioo kilichosuguliwa na mafundi bora kabisa kina kasoro ndogo ndogo, na kila kasoro huitawanya nuru. Mahali palipotakiwa kuwa na giza huonekana madoadoa ya mwanga, na doa moja laweza kudhaniwa kuwa sayari.

Ili kuyaondoa madoadoa hayo, mafundi wametengeneza kioo kinachoweza kujirekebisha. Darubini iliyopewa jina la Nancy Grace Roman, mama aliyekuwa mkuu wa kwanza wa elimu ya nyota katika NASA, shirika la Marekani la safari za anga, imewekewa koronagrafu ya namna hiyo. Iliundwa katika karakana ya California, ikafungwa katika darubini mwaka wa 2024. Ndani yake vimo vioo viwili vidogo, na nyuma ya kila kioo viko vijiti vya kusukuma zaidi ya 2,000. Kila kijiti chaweza kukisukuma au kukivuta kioo kwa kadiri ndogo mno, pungufu ya sehemu moja katika elfu ya unene wa unywele.

Faida yake ni nini? Mawimbi mawili ya maji yakikutana, mgongo wa moja ukaingia katika bonde la lingine, maji hulala sawa. Vivyo hivyo mawimbi mawili ya nuru yakikutana mgongo kwa bonde, mahali hapo huwa giza. Basi vioo vile hugeuzwa kidogo kidogo mpaka nuru iliyotawanyika ijizime yenyewe mahali ambapo sayari inatafutwa. Ni ajabu kwamba nuru na nuru zaweza kufanya giza. Lakini ni kweli, nayo imepimwa karakanani mara nyingi.

8. Nukta iliyowadanganya watu

Mwezi wa Oktoba, jioni, nyota iitwayo Fomalhaut huonekana juu sana katika anga la Dodoma. Jina lake limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kinywa cha samaki. Mwaka wa 2008 wataalamu waliotumia darubini ya Hubble walitangaza kwamba wameiona sayari kando yake. Picha ilionyesha nukta ndogo iliyosogea kati ya mwaka wa 2004 na mwaka wa 2006. Watu walifurahi, na picha ile ikachapwa katika magazeti mengi.

Lakini wengine hawakuacha kutazama. Miaka ilipopita nukta ile ilipanuka na kufifia, na katika picha za mwaka wa 2014 haikuonekana tena. Sayari haiyeyuki namna hiyo. Mwaka wa 2020 wataalamu walieleza kwamba yaelekea nukta hiyo ilikuwa wingu la vumbi, lililotokea magimba mawili yalipogongana. Waliokosea hawakuwa wavivu wala waongo. Walisema walivyoona kwa vyombo vya wakati wao. Na waliosahihisha walifanya hivyo kwa kurudia kipimo, si kwa matusi.

Ziko picha nyingine zilizosimama imara. Mwaka huo huo wa 2008 darubini za Hawaii zilionyesha sayari tatu za nyota iitwayo HR 8799, na baadaye ya nne. Sayari hizo ni kubwa na bado zina moto wa kuumbwa kwao, kwa hiyo zilionekana kwa joto lao. Mwaka wa 2024 ilitangazwa kwamba darubini ya James Webb, kwa koronagrafu yake, imepiga picha ya sayari ya nyota Epsilon Indi, ambayo nuru yake hutufikia kwa miaka 12 tu. Sayari hiyo ina uzito uupitao ule wa Mshtarii mara kadhaa, lakini ni ya baridi, kadiri ya nyuzi 2 za sentigredi. Huko nyuma sayari ya baridi namna hiyo ilikuwa haiwezekani kupigwa picha.

9. Kazi iliyobaki

Hata hivyo sayari hizo zote ni majitu. Sayari ndogo yenye mawe na maji kama dunia yetu, ikizunguka jua lililo kama letu, bado haijapigwa picha. Koronagrafu ya darubini ya Roman inatazamiwa kuonyesha sayari ambayo nyota yake huipita kwa mwanga mara milioni 100 au zaidi. Ili kuiona dunia nyingine yatakiwa mara milioni elfu kumi, kama ilivyoelezwa.

Mwaka wa 2021 wataalamu wa Marekani walishauri kwamba itengenezwe darubini kubwa kwa kazi hiyo, itakayoweza kuchunguza sayari kama 25 zilizo mahali pa wastani, pasipo moto mwingi wala baridi nyingi. Wengine wamechora njia tofauti, ambayo Mmarekani Lyman Spitzer aliifikiri tangu mwaka wa 1962: kupeleka mwavuli mkubwa mbele ya darubini. Mwavuli huo ungekuwa na umbo la ua lenye petali nyingi, upana wa makumi ya meta, nao ungekaa makumi ya maelfu ya kilometa mbele ya darubini, ukaitia kivuli chake. Umbo lile la petali huizuia nuru isipinde na kuingia katikati ya kivuli.

Tena picha si mwisho wa kazi. Nuru ya nukta ile ikipatikana peke yake, yaweza kugawanywa rangi kwa rangi, kama mvua igawavyo nuru ya jua kuwa upinde. Katika rangi hizo huonekana alama za hewa: mvuke wa maji, na oksijeni. Oksijeni tunayoivuta hutolewa na mimea, mtama na uwele wa mashamba ya Ugogo pamoja na majani ya bahari na misitu yote. Alama hiyo ikionekana katika nuru ya sayari ya mbali, watu watakuwa na sababu kubwa ya kuuliza kama huko nako kuna kitu kilicho hai. Ndiyo maana mafundi hufanya kazi miaka mingi kwa ajili ya nukta moja ndogo.

10. Mwanga wa nyumbani

Somo hili lilianza kwa nyota za Ugogo, nalo laishia hapo hapo. Mji hauwezi kukaa bila taa, kwa maana taa huwalinda wapitao usiku. Lakini taa iliyowekewa kifuniko juu, ikamulika chini tu, huwaangazia watu njia wala haiyafichi mambo ya mbinguni. Fundi wa darubini hufunika nyota moja ili aione sayari moja. Mwenye nyumba akifunika taa yake kwa juu, huwasaidia majirani wote kuona nyota. Kazi hizo mbili zina maarifa yale yale: atakaye kuona kilicho kidogo, na akizuie kwanza kilicho kikubwa.

MASWALI

1. Kwa nini mtoto wa mjini huona nyota chache kuliko mchungaji wa Ugogo?
2. Sayari Tanzanite ilijulikanaje, ikiwa hakuna aliyeiona?
3. Eleza mfano wa taa ya Dar es Salaam na kimulimuli. Taa ni nini, na kimulimuli ni nini?
4. Bernard Lyot aliweka kizuizi cha pili kwa sababu gani?
5. Setilaiti Uhuru ilirushwa wapi, na kwa nini ilipewa jina hilo?
6. Vijiti vilivyo nyuma ya kioo cha darubini ya Roman hufanya kazi gani?
7. Watu walijuaje kwamba nukta ya Fomalhaut haikuwa sayari? Tunajifunza nini hapo?
8. Fanyeni jaribio la kidole pamoja na mwalimu wenu, kisha andikeni mliyoyaona.